Mwambie Mzee Shikamoo

Sijawahi kuendesha ndege. Kwa miaka sita kazi yangu pale Terminal One, upande ule wa zamani wa uwanja wa Julius Nyerere, ilikuwa kuhakikisha barafu haijayeyuka. Barafu, magazeti ya siku hiyo, sambusa za nyama, maua kama kuna mama anayeshuka, mafuta ya ndege, vibali, na magari mawili meusi yenye kiyoyozi kilichowashwa nusu saa kabla. Kampuni ilituita maofisa wa huduma za ardhini. Mama yangu, majirani wa Kiwalani walipomuuliza mwanawe anafanya kazi gani, alijibu kwa kifupi: "Anapokea matajiri."

Jumapili moja kijiweni, kahawa ikizunguka, kijana mmoja fundi simu alikuwa akitazama video ya jeti iliyopitiliza njia na kuishia kwenye majani. Akauliza: hawa watu wana hela, wana ndege za kisasa, wanachagua rubani wanayemtaka, mbona wanaanguka wakati wa kutua? Mzee mmoja akaacha kete zake za bao akamwambia ajali haina tajiri wala maskini. Wengine wakacheka, mada ikahamia Simba na Yanga. Mimi nilinyamaza. Jibu ninalo, na sehemu yake inanihusu.

Sehemu kubwa ya ajali za ndege hutokea inapokaribia kutua au inapotua, ingawa dakika hizo ni chache mno katika safari nzima. Watanzania tulilijua hilo kwa uchungu Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar ilipoingia Ziwa Victoria ikiwa imebakiza kidogo kuufikia uwanja wa Bukoba, watu 19 wakafa. Ile ina habari yake na siiingizi humu. Mimi nazungumzia jeti ndogo, zile za viti vinane, kumi, kumi na vinne, za wenyewe au za kukodi.

Ile lami ya uwanja wa ndege Kiswahili chetu kinaiita njia ya kurukia. Kutua hakutajwi, kana kwamba ndege zikishapaa tumemalizana nazo. Lakini kazi ngumu ya ile lami ni kupokea. Jeti ya ukubwa wa kati huigusa ikiwa na mwendo wa kilomita 220 hivi kwa saa, yaani kama mita 60 kila sekunde. Ukitamka bismillahi, umeshamaliza zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Rubani akiiacha ndege ielee juu ya lami kwa sekunde tano akitafuta kugusa kwa ulaini ili chai ya mheshimiwa isimwagike, mita 300 zimekwenda. Nimeshuhudia hilo mara nyingi, na mara nyingi nimesikia abiria akishuka na kusema, "Kapteni, leo umetua kama unyoya." Niliwahi kumwona kapteni mmoja akipewa sifa hiyo akatabasamu kwa adabu, kisha akageuka kutazama alikoishia.

Ndege inateremka kwa mteremko wa nyuzi 3. Kila kilomita moja inayokwenda mbele, inashuka mita 50 na ushee. Ikipita mwanzo wa njia ikiwa juu zaidi ya inavyotakiwa kwa mita 15 tu, itagusa lami karibu mita 300 mbele ya pale ilipopaswa. Mwendo nao una hila yake, kwa sababu nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka kwa kipeo cha pili: zidisha mwendo kwa asilimia 10, na umbali wa kusimama unazidi kwa asilimia 21. Upepo wa mgongoni unafanya hesabu ileile. Hakuna kati ya hayo linaloua peke yake. Yanajumlishana kimyakimya, juu kidogo, kasi kidogo, upepo kidogo nyuma, mpaka njia iliyokuwa ndefu inakuwa fupi.

Halafu kuna maji. Fundi mmoja wa tairi alinifundisha kanuni ya zamani ambayo marubani wote wanaijua. Chukua mgandamizo wa hewa ndani ya tairi kwa pauni kwa kila inchi ya mraba, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9, unapata mwendo kwa noti, kipimo cha mwendo cha marubani na mabaharia. Tairi la pauni 144: kipeuo ni 12, mara 9 ni noti 108, sawasawa na kilomita 200 kwa saa. Juu ya mwendo huo, penye maji ya kutosha tairi linaweza kupanda juu ya maji na kuteleza kama mtumbwi. Breki zikamatwe zisikamatwe, ni bure. Sasa rudi kwenye ile 220 ya kugusa lami, halafu fikiria mvua ya masika. Na jeti nyingi ndogo hazina ule mtambo wa kugeuza msukumo wa injini kwenda mbele unaosaidia kusimama, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa breki na tairi.

Dar ni uwanja unaosamehe. Njia kubwa, 05/23, ina urefu wa mita 4,600, na jeti hizi nyingi zinahitaji chini ya nusu yake. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizofutwa sufuri: 05 inaelekea nyuzi 50, kaskazini-mashariki. Kwa hiyo kaskazi likivuma, Desemba mpaka Februari, ndege zinaingia zikilitazama usoni kama jahazi lisingeweza. Kusi ni habari nyingine, linatoka kusini-mashariki na linaipiga njia ubavuni. Iko njia ya pili fupi, 14/32, ya mita 1,000, na hiyo 14 inalielekea kusi lenyewe. Nilipenda kuiangalia. Mtu aliyeichora aliujua upepo wa mwambao huu vizuri kama nahodha wa Bagamoyo, ila jeti haziwezi kuitumia, ni ya vindege vidogo.

Rubani aliyezoea Dar akienda uwanja wenye mita 1,500 anatakiwa awe na akili nyingine kichwani. Marekani, kwa kawaida, sheria inaitaka kampuni inayokodisha jeti ihakikishe, kabla ya kuondoka, kwamba ndege itaweza kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia. Mita 1,500 zinakuwa 900. Asilimia 40 nyingine ni ya ubinadamu: ya kuelea, ya kuchelewa breki, ya upepo uliodanganya. Lakini mwenye jeti yake anayesafiri kwa mambo yake, hafungwi na kanuni hiyo. Anaweza kuitumia njia yote mpaka ncha. Yaani yule anayeweza kununua ndege nzima ndiye sheria iliyemwachia nafasi finyu zaidi. Sijawahi kuelewa mantiki yake.

Dawa ya matatizo haya inajulikana na haina gharama kubwa. Ukishuka mpaka futi 1,000 ukiwa ndani ya mawingu, au futi 500 kukiwa kweupe, kila kitu kiwe tayari kimekaa sawa: mwendo, mteremko, magurudumu, ndege imenyooka na njia. Kama hakijakaa, unaongeza moto, unapaa, unazunguka, unaanza upya. Futi 500 kwenye mteremko ule ni kama kilomita tatu kutoka lami, chini ya dakika moja. Kughairi huko ni jambo la kawaida kabisa, marubani wanalifanyia mazoezi kila mara. Sisi wa chini tulikuwa na jina letu baya kwa jambo hilo. Tulisema rubani "amegoma."

Flight Safety Foundation, taasisi ya kimataifa ya usalama wa anga, ilichunguza suala hili ikakuta kwamba katika safari ambazo ndege haikukaa sawa wakati wa kukaribia, marubani walighairi kama asilimia 3 tu. Tisini na saba katika mia waliendelea. Wengi wao walitua salama wakaenda nyumbani wakala ugali, na hapo ndipo penye sumu, maana kila unapotua salama kwa njia mbovu unajifunza kwamba njia mbovu inafanya kazi.

Wengi wetu neno Gulfstream tulilisikia mara ya kwanza enzi za Mkapa, iliponunuliwa ndege ya Rais na yakazuka yale maneno ya kula nyasi. Mimi nikilisikia nawaza Aspen. Machi 29, 2001, Gulfstream III ya kukodi, ya kizazi cha zamani kuliko ile yetu, ilipangwa kuondoka Los Angeles saa 10:30 alasiri, kwa saa za Aspen, kwenda Aspen yenyewe, mji wa matajiri wa kuteleza kwenye theluji huko Colorado. Uwanja wake uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na milima kama ua wa makuti. Abiria wakachelewa. Ndege ikaondoka saa 11:11. Dakika 41 zile zilikula akiba yote, kwa sababu kwa kanuni za kelele za Aspen ndege hiyo ilitakiwa kutua kabla ya saa 12:58 jioni kwa saa za kule, nusu saa baada ya jua kuzama.

Mteja aliyeikodi aliposikia kwamba huenda wakalazimika kutua uwanja mwingine, alikasirika. Akamwagiza msaidizi wake apige simu kwenye kampuni ya ndege aifikishe hasira hiyo. Jambo hili limo ndani ya ripoti ya NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani. Huko mbele theluji ilikuwa inaanguka, na kulikuwa na ndege zilizotangulia ambazo zimejaribu zikaghairi. Abiria mmoja akaenda kukaa kwenye kile kiti cha akiba cha chumba cha marubani. Hakuna ushahidi kwamba alimwekea mtu bastola kichwani, alikuwa amekaa tu. Lakini wewe jaribu kupiga hesabu za mshahara huku bosi amesimama nyuma ya kiti chako. Marubani wakateremka chini ya kimo ambacho hairuhusiwi kukivuka bila kuiona njia kwa macho. Saa 1:01 usiku, dakika tatu baada ya muda kwisha, wakagonga ardhi ya mteremko kabla ya kuifikia lami. Watu 18, hakupona hata mmoja.

Wachunguzi walitaja kosa la marubani kwanza, kama ilivyo haki. Walitaja pia tangazo la mamlaka lililoandikwa kwa utata kuhusu kutua pale usiku, na ambalo halikuwafikia waongozaji wa mnarani. Na walitaja shinikizo la mteja. Watu wakisoma habari ile humfikiria rubani, au yule tajiri. Mimi namfikiria msaidizi aliyepiga simu.

Ndani ya chumba cha marubani nako kuna adabu zake. Hapa kwetu nimewasikia marubani wasaidizi, vijana wa miaka 26, wakimsalimia kapteni wao shikamoo asubuhi kabla ya kukagua ndege. Inapendeza. Ila mchana huohuo kijana yule anaweza kutakiwa amwambie mzee wake, kwa sauti kavu na bila "samahani baba", kwamba mwendo umezidi, ghairi. Kapteni mmoja aliniambia alikuwa akiwaambia wasaidizi wake wote: shikamoo inaishia mlangoni, humu ndani uniambie namba.

Nilidhani hili ni la kwetu. Kumbe la. Novemba 10, 2015, Hawker 700 ya kukodi ilikuwa inaelekea Akron, Ohio, na abiria saba. Rubani msaidizi ndiye aliyeshika usukani, na huyo alikuwa amefukuzwa kazi kwenye kampuni aliyotoka kwa kushindwa mafunzo. Aliiacha ndege ipunguze mwendo kupita kiasi, flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zikateremshwa zote mapema kuliko utaratibu, na kapteni, mwenye mamlaka yote ya kusema "nipe mimi", aliona, akazungumza, lakini hakuichukua. Bawa likashindwa kubeba. Ndege ikaangukia jengo la makazi, wakafa wote tisa waliokuwamo. Na Mei 15, 2017, Learjet 35A iliyokuwa na marubani wawili tu, bila abiria, bila bosi wa kumpendeza, ilianguka ikizunguka kutua Teterboro, New Jersey. Msaidizi aliyekuwa anairusha, kwa kanuni za kampuni yao wenyewe, hakuruhusiwa kuishika. Kapteni alimpa akawa anamfundisha njiani, mpaka wakajikuta chini, njia iko pembeni, wanapokezana usukani dakika ya mwisho. Hiyo ya Teterboro inaniharibia hoja yangu kidogo, nakiri. Hapakuwa na mteja pale. Palikuwa na mazoea.

Ya Owatonna, Minnesota, Julai 31, 2008, ni ya kinyume kabisa na hutajwa na wale wanaopinga hoja kwamba kughairi ni dawa ya kila kitu. Hawker 800 iligusa lami yenye maji, breki za hewa za kwenye mabawa hazikufunguka kikamilifu, ikawa haipungui. Kapteni akaamua kupaa tena wakati njia imeshakwisha. Wakafa wanane. Wachunguzi walisema angebaki chini, ingetoka tu nje ya njia kwa mwendo mdogo. Waliona pia uchovu na marubani wawili wasiosemezana vizuri, na mwaka 2011 Marekani ikatoa kanuni ya kuwalazimisha wakodishaji wadogo kuwafundisha marubani kufanya kazi kama timu. Kughairi kuna wakati wake, na ukishapita, umepita.

Sasa Aprili yangu.

Jioni ya siku hiyo jeti ilikuwa inatoka Johannesburg na mgeni mmoja mzito na watu wake wanne. Mwenyeji wake, aliyelipia safari, alikuwa amesimama kando yangu Terminal One, saa mkononi, kwa sababu usiku ule kulikuwa na chakula hotelini na watu wa kutia saini karatasi. Nitamwita Mzee. Alikuwa mtu mpole, aliniuliza habari za mama yangu. Mvua ikaja kutoka baharini kama inavyokuja masika, ukuta mweupe unaotembea. Vingunguti ikapotea, kisha njia yenyewe ikapotea, tukawa tunaona mita mia tu za lami inayochemka matone. Tukasikia injini juu yetu, zikaja, zikanguruma, zikapanda. Amegoma. Dakika kumi na tano baadaye, hivyo hivyo.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, muulize kapteni wako kama hawezi kujaribu mara moja tu. Ya tatu huwa inakubali." Nilikuwa na redio ya kampuni mkononi. Ningeweza kumjibu kwamba hilo haliulizwi. Sikumjibu hivyo, kwa sababu alikuwa Mzee, kwa sababu ndiye aliyelipa, na kwa sababu nilikuwa na barafu inayoyeyuka na magari yanayokula mafuta na mimi pia nilitaka kwenda nyumbani. Nikabonyeza. Nikasema, "Kapteni, Mzee anauliza kama tunaweza kujaribu tena. Anasema anakuombea."

Kimya kidogo, mikwaruzo ya radi. Kisha: "Mwambie Mzee shikamoo. Tunakwenda Zanzibar."

Zanzibar kulikuwa kukavu. Mvua ya Dar ilikatika baada ya saa moja, nyota zikatoka, na hapo ndipo hasira ilipoanza, maana anga ikishatakata kila mtu chini anajua kwamba ingewezekana. Lakini saa za kazi za marubani zilikuwa zimeisha, hawakuruhusiwa kuruka tena usiku ule. Mgeni akalala Forodhani. Asubuhi alipanda boti ya saa moja pamoja na watu wa sokoni na matenga yao, akashuka bandarini Dar akiwa amelowa chumvi, na kwa jinsi alivyosimulia safari ile nadhani aliifurahia kuliko Mzee alivyopenda.

Nilikaa na jirani zetu wa Kiwalani jioni ile, wakanisimulia jinsi ile ndege ilivyopita juu ya mabati yao mara mbili ikinguruma, watoto wakakimbilia ndani. Mwaka 2014 huko Gaithersburg, Maryland, jeti ndogo iliyoishiwa mwendo kwa barafu kwenye mabawa iliangukia nyumba zilizo karibu na uwanja, ikaua watatu waliokuwamo ndani yake na mama mmoja na wanawe wawili waliokuwa nyumbani kwao. Sikuijua habari hiyo wakati ule. Nilikunywa chai nikawaambia rubani alikuwa mwoga.

Mzee alikataa kulipa gharama za Zanzibar: ada za uwanja, hoteli, mafuta ya kurudi. Kampuni ikalipa. Wiki iliyofuata alipiga simu, mpole kama kawaida, akasema safari zake zijazo angependa aletewe kapteni mwingine, mwenye moyo. Meneja wangu alikubali akiwa bado ameshika simu. Safari za Mzee zilikuwa karibu theluthi ya mapato yetu, kwa hiyo kumtoa kapteni kwenye safari hizo kulikuwa sawa na kumwambia atafute kazi. Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Siku hizi anarusha Cessna Caravan kupeleka watalii mbugani, kwenye viwanja vya vumbi, na nasikia bado wasaidizi wake wanamwachia shikamoo mlangoni.

Barua pepe ya kumjulisha kwamba amebadilishiwa ratiba ilikuwa na mistari minne. Ilianza na "Kwa ombi la mteja". Niliiandika mimi, nikaituma kabla ya chai ya saa nne.